Sahani ya Mwenye Mwiko

Kwetu Tuwan, pale Kitale, mwenye mwiko alikula mwisho. Hakuna aliyetunga sheria hiyo na hakuna aliyeiuliza. Ugali ukiiva, dada yangu mkubwa aliupindua kwenye sinia, akaukata, na sahani zikaanza kutembea: ya baba kwanza, halafu za ndugu zangu wanne kwa kufuatana, halafu yangu, halafu ya mama, ambaye mara nyingi ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu akitoka sokoni. Ya dada haikuwa kwenye msafara huo. Yeye alikula baadaye, huko huko jikoni, ukoko na mchuzi uliobaki kwenye sufuria. Ama ndivyo tulivyoamini.

Naanza na sahani kwa sababu ya jambo lililonipata miaka ya tisini, nikiwa chuo cha ualimu. Mwalimu wetu wa saikolojia alitueleza siku moja habari za watu wanaojinyima chakula mpaka wanakonda kufikia hatari. Alisema chanzo si kimoja. Labda ni damu, labda ni mawazo, labda ni jinsi familia ilivyokaa: watoto ni wangapi, nani wa kwanza, nani wa mwisho, nani amebebeshwa nani. Alirudia hiyo "labda" mpaka nikaipenda. Lakini kijana mmoja aliyekaa nyuma akacheka. "Ati mtu akatae ugali kwa hiari yake? Hiyo ni shida ya wazungu, bana."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi hasira zangu ziko karibu, mtu yeyote wa kwetu atakuambia. Nilijikuta nimesimama.

"Wazungu gani? Dada yangu ni mzungu?"

Wakacheka tena, lakini mwalimu hakucheka. Akaniambia nikae, nikitaka niwaeleze. Nikakaa, na sikuwaeleza kitu. Nilijua nikianza nitalia, na mimi kulia mbele ya watu, hapana. Ndiyo maana naeleza sasa, nikiwa nimekaa kwangu na chai yangu.

Tulikuwa watoto sita. Dada ndiye kifungua mimba, wakafuata wavulana wanne, mmoja anamsukuma mwenzake, halafu nikaja mimi, kitinda mimba, wakati hakuna aliyekuwa ananitarajia. Mama alisema bila aibu kwamba kufikia mimi alikuwa amechoka, akanikabidhi kwa dada. Mgongo wa kwanza ninaoukumbuka si wa mama. Ni wa dada, na shuka lenye maua ya kijani, na sauti yake ikiwagombeza wavulana huku mimi nikitikisika kila anapopaza.

Baba alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba makubwa, mtu wa grisi mikononi na maneno machache. Mama aliuza mboga. Tulikuwa na kipande cha shamba kule Saboti, na mahindi yakivunwa, magunia yalijaa nyumbani mpaka tukawa tunafanya kazi ya shule tumeyaegemea. Nasema haya ili mtu asije akafikiri nasimulia habari za njaa. Njaa kwetu haikuwahi kubisha hodi. Ilikuwa nyumba ya kelele na vicheko, na nikiikumbuka moyo wangu unatulia. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi mabichi yakichomwa natabasamu peke yangu kama mjinga.

Ila ndugu zangu, Mungu awaweke, walikuwa wanakula! Walikula kama watu waliokodiwa kumaliza. Mkono wa mmoja ukiingia kwenye sahani ya mwingine vita vilianza, na hakimu alikuwa dada. Hukumu yake ilikuwa moja siku zote. Alikata kipande cha nyama kwenye fungu lake, akamtupia aliyelia zaidi. "Haya, nyamaza. Chukua hii yangu." Hiyo "hii yangu" niliisikia tangu sijajua kuhesabu. Na mimi niliichukua pia, tena kwa mikono miwili. Msinitazame hivyo. Nilikuwa mtoto, na nyama ilikuwa tamu.

Wageni walimsifu. "Huyu msichana hana tamaa," akina mama wa kanisani walimwambia mama. "Huyu ataolewa kwa watu wazuri." Halafu wakinigeukia mimi walisema, "Na wewe, hii tumbo yako itakupeleka wapi?" Mama alicheka, dada akainamisha kichwa akitabasamu kidogo, akaenda kuwaongezea wageni chai.

Kuku naye alikuwa na ramani yake. Firigisi ilikuwa ya baba, hakuna mjadala. Hata kuku akichinjwa baba akiwa kazini, firigisi ilimngoja kwenye bakuli lililofunikwa, na ole wake atakayefunua. Mapaja yalikuwa ya mgeni, na kama hakuna mgeni ni ya wavulana wakubwa. Mimi nilipata bawa na ini, kwa sababu ya kulia. Mama alipata mbavu. Dada, ambaye ndiye alikuwa anagawa, alijipa shingo.

Sasa, nyanya yetu mzaa baba, aliyekaa Bungoma kwenye njia ya kwenda Lwakhakha, hakula kuku kabisa. Wala mayai. Zamani wanawake wa kwetu walikatazwa, ati mwanamke akila kuku atarukaruka kutoka boma hili hadi lile na hatatulia kwa mume. Wanawake wa rika la mama walikuwa wameliacha katazo hilo siku nyingi. Mama yangu alitafuna mfupa wa kuku mpaka hata paka akaukataa. Lakini nyanya alishikilia. Alifuga kuku, akachinja, akapika, akapakulia watu, yeye akala mboga ya mrenda. Tangu azaliwe kipande cha kuku hakijapita kooni mwake, na alijivunia hilo kuliko hata ng'ombe wake.

Jumapili moja, dada akiwa kidato cha tatu, sahani zilimaliza kutembea na baba akaona shingo imebaki kwenye sufuria.

"Na hii ni ya nani?"

Dada hakuinua macho. "Mimi nimeacha kuku, baba. Namfuata nyanya."

Baba alifurahi vile sijawahi kumwona akifurahi. "Mnaona?" akawaambia wavulana. "Huyu anajua kwao." Habari zikafika Bungoma, na nyanya akatuma mkungu wa ndizi, zawadi ya mjukuu wake anayemfuata. Na ile shingo? Wavulana waliipigania mpaka ikaanguka kwenye makaa.

Hapo ndipo tulipokosea sote, na sidhani kama kuna watu wengine wangekosea namna hiyo. Tulitazama ugonjwa tukaona adabu. Tena tuliushangilia.

Baada ya kuku, akaacha mayai. Hilo nalo ni la nyanya, sawa. Halafu nyama ya ng'ombe, kwamba inamkwama. Halafu maziwa, kwamba yananuka. Halafu ugali. "Umekula?" mama aliuliza akiingia. "Nimekula jikoni," dada alijibu. Basi, mwenye mwiko akisema amekula, nani atambishia? Sufuria imeoshwa inang'aa. Sote tumeshiba. Na Kitale kuna baridi, sweta ya shule ilificha mengi.

Aliyegundua ni mimi, si kwa akili yoyote bali kwa mbavu zangu. Jumamosi alikuwa ananisuka nje ya nyumba, kwenye jua. Nilikaa chini katikati ya magoti yake kama siku zote, na siku hiyo magoti yakanichoma. Nikageuka kumtazama.

"Dada, mbona umekuwa mifupa?"

"Tulia, nitakuvuta nywele."

"Mbona huli?"

Nilimwuliza kwa ukali. Mimi hata huruma yangu hutoka na ukali. Alimaliza mstari mzima wa nywele, akaanza mwingine.

"Kila kitu hapa ni cha kugawa," akasema mwishowe, polepole, mdomo karibu na sikio langu. "Nguo, kitanda, sabuni, nyama. Hata wewe ulikuwa wa mama nikapewa mimi. Hii ya kutokula ni yangu. Hakuna mtu anaweza kuja kuniambia, dada nipe nusu." Halafu akanisukuma kichwa kidogo. "Na usiseme."

Nilisema. Kwangu siri huwa hazikai. Mama alikuwa bado hajatua kikapu nikamwambia yote, neno kwa neno, na nikaongeza kilio juu. Aliketi kwenye gunia la mahindi na kikapu kikiwa bado mkononi, akatazama mlango wa jikoni muda mrefu. "Nusu ya nini?" akauliza, lakini hakuwa ananiuliza mimi.

Kuanzia hapo alimwekea dada sahani, akamwamuru akae ale mbele ya watu. Dada alikaa. Alitii, maana kutii alikujua sana. Alifinyanga ugali vidonge vidogo vidogo, akavizungusha kwenye mboga, na mwisho wa yote chakula kilikuwa kile kile. Na wavulana, wajinga hao, wakawa wanauliza, "Dada, hiyo hutaki?" Jumatatu moja akaanguka paredi shuleni, kabla hata wimbo haujaisha, na walimu wakamleta nyumbani wamemshika huku na huku.

Baba akampeleka hospitalini. Wakasema minyoo, wakampa dawa. Wakasema damu kidogo, wakampa chupa ya dawa nyekundu. Siwalaumu. Walitafuta kitu kilichoingia ndani ya mwili wake, na shida ilikuwa kile ambacho hakikuingia.

Halafu wakaja akina mama wa kanisani. Nawapenda, walinilea, lakini siku hiyo! Waliimba, wakaomba, wakamwekea dada mikono kichwani, na kiongozi wao akasimama akatangaza kwamba jambo hili ni zito, linahitaji mfungo. Nyumba nzima ifunge. Hata mgonjwa, akiweza.

"Weh!" nikapiga kelele kutoka nyuma ya kochi. "Mtoto hali, na nyinyi mnataka afunge? Si mfunge nyinyi ambao mmeshiba!"

Mama alinikamata sikio akanitoa nje nikiwa hewani. Lakini kabla mlango haujafungwa nilisikia dada akicheka. Alikuwa hajacheka tangu mvua za masika. Sikio liliniuma mpaka kesho yake na sikujali hata kidogo.

Baba ndiye aliyetoa neno. Shule zilipofungwa Desemba alisema, akifuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, "Anasema anamfuata mama yangu. Basi aende kwa mama yangu." Nikatumwa naye ili kuwe na mtu wa kutumwa dukani, na mama akatusindikiza mpaka Bungoma.

Nyanya alikuwa mfupi, mnene, mwenye meno machache lakini yenye bidii. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza, "Ati ananifuata mimi?"

"Ndivyo anavyosema, mama."

Nyanya akamvuta dada, akaushika mkono wake, akauzungushia vidole. Halafu akajitazama mwenyewe, tumbo na yote. "Mimi nimekuwa hivi lini?"

Mama akacheka, na hapo hapo akaanza kulia. Alirudi Kitale siku hiyo hiyo kwa sababu ya mboga na wavulana, na dada akaingia jikoni moja kwa moja kutafuta mwiko. Alikuwa na miguu ya fimbo na bado anatafuta mwiko! Nyanya akamfuata, akamnyang'anya.

"Hapa anapakua mwenye nyumba."

"Nakusaidia, nyanya. Mimi si mgeni."

"Kama si mgeni basi wewe ni mtoto. Kaa kama mtoto."

Niliona dada akikaa kwenye kigoda na mikono yake haijui iende wapi. Aliiweka mapajani, akaikunja, akaifumua, akaanza kuokota mahindi yaliyomwagika sakafuni, nyanya akampiga kibao kidogo cha vidole. Alikuwa na miaka kumi na saba na hakujua kukaa. Sahani ya kwanza ilikuwa yake. Yangu ikaja ya pili, na nilinuna, nasema ukweli. Kwetu kulikuwa na kaka na baba mbele yangu, nilizoea, lakini huko Bungoma tulikuwa wasichana wawili tu na mimi ndiye mdogo!

Kukaa alijifunza. Kula, hapana. Alikunywa uji wa wimbi, kikombe kinaanza asubuhi kinaisha adhuhuri. Alikaa juani amejifunika blanketi wakati sisi tunatafuta kivuli. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Siku moja jirani wa nyanya, ajuza mwenzake ambaye waliolewa mwaka mmoja, alikuja kuazima ungo, akamtazama dada amelala pale nje, akamvuta nyanya pembeni. Walidhani mimi mtoto sisikii.

"Mama, huyu tutamzika kabla ya mvua."

Nyanya alichukua mahindi kiganjani, akaenda uwanjani akaita kuku.

Alimchagua jogoo wake mkubwa, yule mwekundu ambaye hata baba alikuwa haruhusiwi kumtaja. Akamchinja, akamnyonyoa, akampika kwa moto wa polepole, na jirani akabaki pale pale na ungo wake kwa sababu harufu haikumwachia njia. Mchana nyanya alituketisha ndani. Akaleta ugali wa wimbi na muhogo. Akaleta kuku. Akamwekea dada sahani, akaniwekea mimi, akamwekea jirani mrenda, maana naye alikuwa mtu wa katazo. Halafu akachukua sahani yake, akachovya mwiko kwenye sufuria, akaitoa firigisi akajiwekea.

"Mama," jirani akasema. "Umekosea sahani."

"Sijakosea."

Akakaa mbele ya dada, magoti yakigusana.

"Wewe umesema unanifuata."

"Ndiyo, nyanya."

"Mbele ya baba yako umesema."

"Ndiyo."

"Haya," nyanya akasema. "Nifuate."

Akaipeleka firigisi mdomoni.

"Uuuwi!" jirani akafunika macho kwa ungo.

Mtu yeyote aliyekula firigisi ya jogoo mzee anajua si kitu cha kumezwa haraka. Nyanya alitafuna kwa yale meno yake machache, akahamisha upande, akatafuna tena. Machozi yalimjaa. Jasho likamtoka puani. Hakuondoa macho kwa dada hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeshika bawa langu hewani na kwa mara ya kwanza maishani nimesahau kula. Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka. Mwanamke wa umri ule, aliyejivunia kitu kimoja maisha yake yote, alikuwa amekimeza.

"Sasa wewe," akasema.

Dada alikuwa analia kimya kimya, mabega yakiruka. "Nyanya, kwa nini umefanya hivyo? Si watu watakusema."

"Watanisema nikiwa na mjukuu. Kula."

Dada akachukua kipande cha nyama. Akaking'ata. Cha kwanza alikitema mkononi. Cha pili alikitafuna muda mrefu, akafumba macho, akameza. Akatazama sahani. Akachukua cha tatu kabla ya mtu kumwambia.

Usifikiri alipona hapo. Ugonjwa huo hauondoki hivyo, na kulikuwa na siku alizogeuza uso ukutani, na siku nyanya alimpigia kelele mpaka mbwa wakabweka. Lakini sheria ilikuwa imewekwa. Kila dada alipokula, nyanya alikula alichokula. Yai kwa yai. Kipande kwa kipande. Habari zikaenea njia nzima ya Lwakhakha kwamba mama fulani ameanza kula kuku uzeeni, na wanawake kisimani wakamwuliza kama sasa ataanza kurukaruka. "Niruke niende wapi na magoti haya?" akawajibu. "Na mjue ni tamu. Wanaume walituficha." Wakacheka mpaka mitungi ikamwagika, na dada akacheka kuliko wote.

Lakini mchana mmoja nilizunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta nyanya ameinama kando ya mgomba na kikombe cha maji. Alikuwa anasukutua kinywa, anatema, anasukutua tena, uso umekunjamana kama mtu aliyelamba majivu. Aliniona. Akaweka kidole mdomoni, halafu akanyoosha kidole upande ambao dada alikuwa anaanika nguo. Nimesema kwangu siri huwa hazikai. Hiyo ilikaa. Ilikaa mpaka tulipomzika nyanya, mwishoni mwa miaka ya tisini, ndipo nikamwambia dada, na tukakaa chini kwenye majani ya migomba tukalia na kucheka kwa pamoja mpaka watu wakaja kutuinua.

Nimewaza sana juu ya ile "labda" ya mwalimu wangu. Labda ni kwa sababu alizaliwa wa kwanza. Labda ni wavulana wanne mfululizo, au mimi niliyekuja nikamaliza nguvu zake. Lakini jirani yetu pale Tuwan alikuwa na msichana kifungua mimba, naye aligawa chakula kwa wadogo zake, na alinenepa vizuri sana, maana alikuwa anajilamba vidole kila sahani. Kwa hiyo sijui. Ninachojua ni kwamba katika nyumba iliyojaa chakula na upendo, kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwekea sahani, na tulidhani hilo ndilo jina lake zuri.

Leo dada analima Saboti, ana watoto, ana mwili, ana sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya mto. Kuna siku, moja moja, akiwa na mawazo mengi, namwona anaanza kufinyanga ugali vidonge vidogo. Naita jina lake tu. Anaangalia mkono wake, anacheka, anakula. Kwake mwenye mwiko anapakua ya kwake kwanza, anaila amesimama, ndipo wengine wanapata, na mume wake amekwishazoea.

Lakini siku nipendayo kuikumbuka ni ile ya kurudi Kitale, shule zikikaribia kufunguliwa. Baba alikuja kutuchukua, tukafika Tuwan mchana. Mama alikuwa amechinja kuku. Wavulana walikuwa wamepangana kwenye benchi kama kawaida yao, wamenawa mikono, macho kwenye mlango wa jikoni. Mama akamkumbatia dada, akamshika mashavu yaliyoanza kurudi, akamshukuru Mungu, akashukuru tena, halafu kwa mazoea tu, bila kufikiri, akamtia mwiko mkononi.

Dada aliutazama ule mwiko. Nilikuwa karibu naye na niliona vidole vyake vikiushika vile vilivyouzoea, na nikaogopa, kwa maana niliona kama kila kitu cha Bungoma kinaweza kupotea hapo hapo mlangoni pa jikoni. Akauweka juu ya sufuria. Akapita mbele ya benchi la wavulana, akaenda akakaa kwenye kiti kilicho karibu na baba, mikono mapajani.

"Nimechoka na safari," akasema. "Nipakulieni."

Hakuna aliyesogea. Wavulana walitazamana. Mama alikuwa ameganda kwenye mlango. Nikaona hakuna mtu anaelewa chochote katika nyumba hii, nikakasirika, nikaingia jikoni mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kumpakulia hata paka. Nilikata ugali kombo, nikajichoma kidole, nikamwaga mchuzi kwenye viatu vyangu. Ramani ya kuku sikuijali. Nilijaza sahani ya kwanza nikaibeba kwa mikono miwili, nikampita baba, nikaiweka mbele ya dada. Juu kabisa nilikuwa nimeweka firigisi.

Baba alifungua mdomo. Mama akamtazama. Baba akaufunga.

Dada akanawa, akachukua firigisi akaitafuna, na sisi sote tunamwangalia, nyumba ile ya kelele imenyamaza mpaka unasikia meno. Akameza. Akala ugali, akala nyama, akapangusa mchuzi. Halafu akainua macho akatukuta tumemkodolea.

"Mbona mnaniangalia? Kuleni, chakula kinapoa."

Akanisogezea sahani.

"Niongezee."

Nikamwongezea.